Lori lililosimama ndilo linaloibiwa

Kila shaba ikiibiwa kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo yetu na Zambia, jibu ni lile lile. Askari waongezwe, vizuizi viongezwe, huduma nyingine ya serikali iletwe kukagua. Mkutano unafanyika hapa Lubumbashi, picha zinapigwa, na baada ya muda unakuta baryeri, yaani kizuizi, mpya na kijana mwenye daftari amekaa kwenye kiti cha plastiki. Naona tunatibu homa kwa kumwongezea mgonjwa blanketi. Wakaguzi barabara hii inao tele. Mzigo unaotembea ni shida kuuiba. Unaosimama ndio unaoibiwa, na wanaousimamisha ni sisi wenyewe.

Kutoka mjini hadi mpakani ni kama kilomita 90 tu, lami, na peaji, yaani ada ya barabara, tunalipa. Kwa mlango huo inatoka shaba na kobalti ya migodi ya Kolwezi, Fungurume na Likasi kwenda Dar es Salaam, Durban, Beira na Walvis Bay. Kwa mlango huo huo vinaingia unga wa mahindi, mafuta, salfa ya viwanda vya migodi, vipuri, samaki wa barafu. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa sana inapita kwenye foleni hii. Agosti 2024, Zambia ilipofunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania baada ya serikali yetu kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, siku chache zilitosha kila mnunuzi wa unga mjini kuelewa jinsi tulivyofungwa kwa kamba moja nyembamba.

Sasa nenda kwenye foleni yenyewe jua likizama. Dereva amezima injini kuokoa dizeli. Mbele lori, nyuma lori, pembeni mtaro. Hata akitaka kukimbia hana pa kupita. Anashuka, anawasha mbabula, jiko lake la makaa, anasonga bukari, yaani ugali, karibu na tairi. Vijana wanapita. Mmoja anauza maji, mwingine mayai ya kuchemsha, mwingine hauzi chochote, anapima tu kamba za turubai kwa macho. Usiku mfuniko wa tangi unafunguliwa, mpira unaingia, dizeli inatoka. Kama lori limebeba katodi, zile sahani za shaba iliyosafishwa, kazi ni nzito zaidi lakini inafanyika: ukanda wa chuma unaofunga bunda unakatwa, sahani zinavutwa moja moja hadi majanini. Dereva akipiga kelele anaweza kujibiwa kwa jiwe. Akinyamaza, anakatwa mshahara. Wengi wao ni Watanzania, Wazambia, Wazimbabwe, watu walio mbali na kwao, na polisi wa kuwapokea kwa lugha yao hawampati. Mtanzania mmoja aliniambia, “Kaka, kutoka Dar mpaka huku sina wasiwasi nikiwa nakanyaga mafuta. Wasiwasi unaanza nikizima gari.”

Huyo dereva ameeleza usalama wa mzigo vizuri kuliko warsha nyingi nilizokaa.

Nani anamfanya azime gari? Sheria ipo, na si ya jana. Dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu za kufanya kazi mipakani: forodha (wakati ule OFIDA, leo DGDA), OCC inayokagua ubora wa bidhaa, uhamiaji yaani DGM, na huduma ya afya ya mipaka. Nne. Ukifika Kasumbalesa hesabu mwenyewe ofisi, vibanda na mihuri, halafu uniambie umefika ngapi. Kila mmoja ana karatasi yake, kila karatasi ina foleni yake, na kila foleni ina matabishi yake, yaani hongo ndogo. Watu wanalalamikia trakaseri, huu usumbufu wa maofisa, kwa sababu ya pesa, na wana haki. Mimi pesa siyo inayonitisha zaidi.

Kinachonitisha ni faili. Faili la lori moja lina jina la mwenye mali, aina ya mzigo, tani, namba ya gari, namba ya kontena, bandari linakokwenda. Likipita kwenye ofisi nne, watu wachache wanajua. Likipita kwenye meza kumi na tano, na kila meza ina mtoto wa shangazi anayesaidia kutoa fotokopi, hiyo siyo siri tena, ni tangazo. Wezi wa shaba hawabahatishi. Katikati ya malori ya unga, salfa na saruji wanalijua lenye katodi, na wanajua litalala wapi. Walisomewa na mtu. Kwa hiyo kila huduma mpya tunayoweka kwa jina la ulinzi inaongeza macho kwenye faili na saa kwenye foleni, na mwizi hahitaji zaidi ya hivyo viwili.

Nisieleweke vibaya, kuna ukaguzi ambao hauna mjadala. Madini lazima yapimwe, sampuli zichukuliwe, CEEC, kituo cha serikali cha kuthibitisha madini, itoe cheti, forodha ihesabu kodi. Lakini mahali pake ni mgodini, pale mfuko wa kobalti unapojazwa na bunda la katodi linapofungwa, ndani ya ukuta, chini ya taa. Hapo ndipo watu wote wakutane, wakague mara moja, wafunge, watie sahihi. Kufungua tena mpakani kilichofungwa mgodini, bila sababu inayoandikwa, ni kuwaonyesha wapita njia kilichomo.

Na hapa niseme kuhusu plombu, ile pini ya chuma yenye namba kwenye mlango wa kontena, maana ndiyo kitu kidogo chenye maana kubwa kuliko vyote. Plombu nzuri, ile inayofuata kanuni ya ISO 17712, haikatiki kwa koleo la mfukoni. Chuma hakina tatizo. Tatizo ni kwamba karibu hakuna anayeisoma. Karani ananakili namba kutoka kwenye karatasi iliyotangulia badala ya kwenda kuitazama mlangoni, kwa hiyo karatasi zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe kutoka Kolwezi hadi bandarini wakati mlango una habari nyingine. Nimeona hati yenye namba tatu zilizokatwa kwa kalamu, hakuna sahihi, hakuna saa, hakuna jina. Nani alifungua? Wapi? Kwa amri ya nani? Kampuni ya bima inauliza maswali hayo hayo na inakataa kulipa. Halafu kuna ujanja wa zamani: riveti za komeo la mlango zinatobolewa, mlango unafunguka, mali inatoka, riveti zinarudishwa na kupakwa rangi, na plombu imebaki salama kabisa. Anayekagua kwa kidole, akashika komeo na kulitikisa, analigundua. Anayekagua akiwa kwenye kiti hagundui kitu.

Ulimwengu ulishafikiria mambo haya. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani ilianza kudai habari za mzigo kabla haujapakiwa, na mwaka 2005 Shirika la Forodha Duniani likatoa mwongozo wake uitwao SAFE: taarifa itangulie mzigo, ukaguzi ufuate hatari, forodha za nchi mbili ziaminiane, na mfanyabiashara mwenye historia safi apite haraka. Wazo la mwisho hilo nalikubali nusu. Huku kwetu anayetambuliwa kuwa mwaminifu ni yule mwenye mwanasheria na ofisi yenye viyoyozi. Mtu wa Lubumbashi mwenye malori mawili, anayelipa kila kitu, atabaki kwenye foleni akiwatazama wakubwa wakipita.

Lakini kutanguliza taarifa hakuna kisingizio cha kutokufanya. Forodha yetu inatumia Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha. Wazambia wanatumia mfumo huo huo kwa jina lake la Kiingereza, ASYCUDA. Ni kazi ya Umoja wa Mataifa pande zote mbili. Na bado karatasi zinavuka mpaka mkononi mwa mtu, zikapigwa taipu upya ng'ambo, na kosa la herufi moja linalaza lori usiku mwingine. Zambia hiyo hiyo, tangu Desemba 2009, ina kituo cha pamoja na Zimbabwe kwenye mpaka wa Chirundu: lori linasimama upande mmoja tu, maofisa wa nchi zote mbili wanalikagua hapo, linaondoka. Hapana cha ajabu ndani yake. Ni watu waliokubali kukaa jengo moja.

Kuhusu vifaa vya GPS, sitasema mengi. Ni vizuri kuwa navyo. Vinakuambia lori lilipo, havikuambii nani anakata kamba. Reli vilevile: shaba ya kwanza kwenda Marekani kwa reli ya bandari ya Lobito, Angola, ilipita 2024, na nafurahi, ila treni inayokwenda mwendo wa baiskeli nayo inapandwa na wezi.

Najua jibu la wakubwa: mkipunguza ukaguzi, silaha zitapita, dawa za kulevya zitapita, madini yasiyotangazwa yatapita. Yanapita leo. Mwenye mzigo mchafu ndiye anayeipenda baryeri kuliko wote, kwa sababu kila baryeri ni mlango wa kulipia. Ukaguzi mmoja, uliofanywa na huduma zote pamoja, kila mmoja akitia sahihi mbele ya mwenzake, ni mgumu kununua. Inabidi uwanunue wote kwa wakati mmoja.

Ninachotaka si kikubwa. Paki, yaani maegesho ya malori, kabla ya kufika Kasumbalesa, yenye ukuta, taa, vyoo na mizani. Lori lisitoke humo kabla faili lake halijakamilika pande zote mbili, na likiitwa, lisisimame tena mpaka ng'ambo. Malori matupu yawe na njia yake, yaache kuziba yenye mzigo. Kila plombu inayokatwa iandikwe: namba ya zamani, namba mpya, jina, saa.

Kuna watu watakaopinga, na si wenye mihuri tu. Foleni ile inalisha familia nyingi. Mama mmoja anayewauzia madereva maharage alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama humo ndani ya ukuta kutakuwa na nafasi ya meza yake au itakodishwa kwa jamaa wa mkubwa fulani. Wanaochora mipango ya paki wangeanza na swali lake, maana meza ikibaki nje ya ukuta, madereva watasimama nje ya ukuta.