Kocha aliyefukuzwa akaenziwa: historia ya Ohio State kwa macho ya mtu wa Simba na Yanga

Aliyelelewa katika utani wa jadi wa Simba na Yanga hapati shida kuwaelewa watu wa Columbus, jimboni Ohio, ninakoishi sasa. Timu yao ni ya mpira wa Kimarekani, ya Chuo Kikuu cha Ohio State, iliyoanza mwaka 1890, na mtani wao ni timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, waliyekutana naye kwa mara ya kwanza mwaka 1897. Wiki ya mechi hiyo, herufi M huzibwa kwa utepe mwekundu kwenye mabango ya chuoni. Uwanja wao uliofunguliwa mwaka 1922, ambao ujenzi wake ulichangiwa na wananchi, huingiza watu zaidi ya 100,000, ilhali Uwanja wa Benjamin Mkapa huchukua 60,000.

Ukubwa huo siuonei wivu. Wivu wangu uko kwenye namna wanavyoisimulia historia yao. Woody Hayes aliifundisha timu hiyo tangu 1951 hadi 1978, akashinda michezo 205, na chini yake mchezaji Archie Griffin akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mara mbili mfululizo, 1974 na 1975, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Desemba 1978, katika mchezo dhidi ya timu ya chuo cha Clemson, mchezaji wa upinzani aliunasa mpira dakika za mwisho, na Hayes, kwa hasira, akampiga ngumi mbele ya kamera za televisheni. Kesho yake alifukuzwa kazi. Hata hivyo, mwaka 1983 chuo kilimwita uwanjani wakati bendi yake inaandika neno «Ohio» kwa mistari ya wapigaji wanaotembea, akapewa heshima ya kuweka nukta juu ya herufi i, ambayo kwa kawaida ni ya mpiga tarumbeta kubwa la shaba. Leo barabara inayopita jirani na uwanja ina jina lake, na kisa cha ngumi husimuliwa bila kupunguzwa chumvi wala kuongezwa.

Wasidhaniwe kuwa malaika. Ushindi wa msimu wa 2010 ulifutwa kwa kuwa baadhi ya wachezaji walibadilishana vifaa na zawadi zao kwa fedha na tatuu, kosa ambalo kwetu hata lisingeeleweka, maana mchezaji wa Ligi Kuu hulipwa mshahara. Huku Marekani wachezaji wa vyuo walizuiwa kunufaika na majina yao wenyewe hadi mwaka 2021, wakati makocha wakilipwa mamilioni ya dola. Hilo kwangu ni unyonyaji, nalo lisiigwe.

Ila kumbukumbu zao ningeziiga kesho. Kila shabiki anajua kwamba Simba iliitwa Sunderland hadi 1971, lakini ukiuliza juu ya mgogoro wa Yanga wa miaka ya 1970 uliozaa klabu ya Pan African, vijana wengi watakujibu kwa neno moja tu, «mgogoro», na wazee watakupa masimulizi yanayopishana kufuatana na upande waliosimama. Ningependa kusoma, kwa maandishi ya klabu yenyewe, nani alisema nini katika vikao vile, nani aliondolewa, na nani alikuja kusamehewa baadaye.