Ranchi Inauzwa? Hesabu Midomo Kabla ya Hekta

Matangazo ya ranchi hufanana. Kwanza idadi ya hekta, kisha picha ya pundamilia wakinywa maji jioni, halafu sentensi moja kwamba ardhi "inabeba ng'ombe 500". Kwa maoni yangu, namba hiyo ya mwisho ndiyo inayouzwa hasa, na ndiyo ambayo hakuna anayeikagua. Mnunuzi hutuma mpima ardhi akahakiki bikoni, yaani alama za mipaka, na wakili akahakiki hati, lakini hatumi mtu akakate nyasi na kuzipima.

Na kupima nyasi si kazi ngumu. Tengeneza fremu ya mraba yenye mita 1 kila upande, ya nondo au mbao. Gawanya ranchi kwa aina ya uoto: tambarare ya udongo mweusi, kichaka, mteremko wa mawe. Katika kila aina, irushe fremu bila kuchagua mahali, si chini ya mara 10. Kata nyasi zote zinazoliwa ndani yake hadi karibu na ardhi, zianike mpaka uzito usishuke tena, kisha pima. Wastani wa gramu ukizidishwa kwa 10 unakupa kilo kwa hekta. Wengi huharibu hesabu kwa kuruka palipo na upara, eti hapana cha kukata. Upara ni sifuri, na sifuri nayo huingia kwenye wastani.

Tuseme umepata gramu 160, yaani kilo 1,600 kwa hekta. Usizigawe zote. Katika nyika kavu mimi huchukua asilimia 30 tu, kilo 480, kwa sababu nyingine hukanyagwa, nyingine huliwa na mchwa na panzi, na sehemu kubwa lazima ibaki kulinda mashina na udongo. Ng'ombe wa kilo 350 hula majani makavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, karibu kilo 8.75, au kilo 3,200 kwa mwaka. Basi ng'ombe mmoja anahitaji takriban hekta 6.7. Ranchi ya hekta 2,000 yenye hekta 400 za miamba inabaki na 1,600, sawa na ng'ombe 240.

Sasa rudi kwenye ile picha. Pundamilia 80 wanaokaa humo mwaka mzima, kila mmoja akila kilo 7 kwa siku kwa makadirio ya chini, wanamaliza kilo 560, chakula cha ng'ombe 64. Pundamilia hacheui, hupitisha majani mengi tumboni kwa haraka, hata yale makavu magumu. Umebaki na ng'ombe 176, na tangazo lilisema 500. Twiga na tandala usiwatoze kwa kiwango hicho, maana wao hula zaidi majani ya miti. Nyumbu na kongoni watoze kama ng'ombe, kila mmoja kwa uzito wake.

Picha za tangazo karibu zote hupigwa wiki chache baada ya mvua. Nenda mwisho wa kiangazi. Vuta shina la nyasi kwa vidole viwili: likitoka na mizizi yake yote kirahisi, huenda ni nyasi za msimu mmoja, zitakazopeperuka kabla kiangazi hakijakolea. Ukiona mashina ya nyasi za kudumu yamesimama juu ya vijilima vya udongo na mizizi iko nje, hayakupanda yenyewe. Ni udongo ulioyazunguka ndio umeondoka. Kwa historia, picha za setilaiti za Landsat zinarudi hadi 1972 na ziko huru kwa kila mtu tangu 2008. Linganisha mwezi uleule wa kiangazi kwa miaka mbalimbali, utaona vichaka vilivyosogea na malambo yaliyojaa tope.

Maji ndiyo huua mikataba mingi, au yangepaswa kuiua. Ng'ombe 176 kwa lita 40 ni takriban lita 7,000 kwa siku. Kisima kirefu kinachotoa lita 1,500 kwa saa kwa pampu ya jua ya saa 6 kinakupa 9,000, na wanyamapori bado hawajanywa. Dai jaribio la kusukuma maji la saa 24, pamoja na muda ambao kina cha maji kilichukua kurudi. Pima chumvi ya maji hayo. Kisha tazama ramani: ranchi ya kilomita 3 kwa 6.7 yenye kisima kwenye kona inamtaka ng'ombe wa kona ya pili atembee zaidi ya kilomita 7. Mara nyingi hatafika. Matokeo yake eneo la kisima linakuwa vumbi, na huko mbali nyasi zinazeeka bila kuliwa, ilhali wewe umelipia zote kwa bei moja.

Josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe likiwapo, kagua nyufa zake, lakini usilime bustani kando yake kama ni la zamani. Majosho mengi ya zamani yalitumia sumu ya aseniki, nayo haiozi.

Kuhusu wanyamapori wenyewe, uliza sheria kabla ya kulipia maneno "pamoja na wanyamapori". Nchini Marekani wanyamapori hushikiliwa na serikali kwa niaba ya umma. Afrika Kusini ina sheria ya 1991 inayolinda umiliki wa mtu mwenye uzio unaotambuliwa kuwa wa kutosha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ranchi zilezile, wanyama walewale, thamani tofauti kabisa.

Uliza pia nyumbu huzalia wapi. Ndama wao wachanga humwaga virusi kwa makamasi na machozi; wao hawaumwi, ila ng'ombe akiugua karibu kila mara hufa. Kinga ya uhakika ni kuhamisha ng'ombe msimu huo, kwa hiyo lazima uwe na pa kuwahamishia. Nyati naye hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kwa miaka bila dalili, na anaweza kukufungia soko la nje.

Uzio mpya unaong'aa usikufurahishe haraka. Fuata njia za wanyama zilizochimbika ardhini. Zikiishia kwenye waya, basi ranchi imeziba ushoroba, yaani mapito ya wanyama wanaohama, na waya huo utakatwa kila msimu wanapohama. Weka gharama ya fundi wa uzio kwenye hesabu ya kila mwaka, pamoja na nguzo zinazoliwa na mchwa na mabomba yanayong'olewa na tembo.