Nusu Jogoo wa Köln

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia shemeji kwamba Kijerumani ninakifahamu. Ni kweli nilikuwa nimekisoma kwa miezi sita, lakini nilichosoma ni kile cha vitabuni, ilhali watu wa Köln, mji wa Ujerumani, wana lahaja yao iitwayo Kölsch, jina ambalo ndilo pia jina la bia yao, na wenyewe hutania kwamba hiyo ndiyo lugha pekee duniani inayonyweka.

Jioni hiyo, tulipomaliza kulishangaa kanisa lao kuu lenye minara ya mita 157, tuliingia katika baa mojawapo ya kale ambamo wahudumu huvaa aproni za buluu na huitwa Köbes. Hawa wanasifika kwa ulimi mkali, kwa hiyo usitarajie kuulizwa habari za nyumbani. Wetu alituachia menyu, akatuwekea glasi mbili nyembamba za bia ambazo hatukuziagiza, akaenda zake.

"Hapa pameandikwa *Halve Hahn*," nikamfafanulia shemeji kwa sauti ya mwalimu. "*Halve* ni nusu, *Hahn* ni jogoo. Tukiagiza nusu mbili, tumepata jogoo mzima."

"Kwa bei hii, shemeji? Kumbe huku kuku ni rahisi hivi!"

Zikaletwa sahani mbili, na katika kila moja mlikuwa na mkate mdogo wa kahawia, siagi, kipande kinene cha jibini, vitunguu, tango la siki na haradali. Nilimweleza shemeji kwamba hicho ni cha kufungulia kinywa tu na kwamba, kwa desturi za Ulaya, jogoo huja baadaye. Tukala kwa kujizuia, tusije tukashiba kabla mwenye shughuli hajafika.

Zile glasi hazizidi mililita 200, nazo zikiisha tu Köbes hupita na kuweka nyingine zilizojaa, kisha huchora vistari vya penseli kwenye kipande cha kadibodi kinachowekwa chini ya glasi. Shemeji, aliyelelewa kuamini kwamba kuacha kinywaji cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, alizimaliza zote kwa uaminifu, nami sikumwacha peke yake. Aliponiuliza habari za vile vistari, nilimjibu bila kusita kwamba mhudumu anahesabu dakika za jogoo jikoni.

Vistari vilipofika kumi na vinne nilimwita Köbes, nikamuuliza jogoo wetu yuko wapi. Aliziangalia sahani zilizokwisha kulambwa.

"Mmeshamla," akajibu, akapita.

Mama mmoja wa meza ya jirani, akifuta machozi ya kicheko, alitueleza kwamba *Halve Hahn* ni huo huo mkate na jibini, kwamba vile vistari ndiyo bili, na kwamba Köbes haachi kuleta mpaka uifunike glasi yako kwa ile kadibodi.

Nikaona niiokoe heshima yangu upesi. "Shemeji, tuagize hiki, *Kölsche Kaviar*. Hapa hapana utata: kaviari ni mayai ya samaki."

"Ni soseji ya damu na vitunguu," akasema yule mama kwa upole.

Shemeji alikichukua kile kipande cha kadibodi taratibu, lakini hakukiweka juu ya glasi. Alinifunika nacho mdomo.