Hita Yangu Inapenda Mlima

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimezaliwa Ngamiani, ambako mtu akikwambia "leo kuna baridi" ana maana feni ameipunguza kutoka namba tano hadi namba tatu. Sasa niulizeni: ni kitu gani kilinipeleka kulala ndani ya gari, Uskochi, mwezi wa pili?

Kijicho. Hakuna jingine. Miaka 11 nipo Leeds, Uingereza, na kila Ijumaa wenzangu kazini wanazungumzia magari yao ya kulala kama sisi tunavyozungumzia Simba na Yanga. Nikanunua na mimi. Gari la mizigo la mwaka 2011, lilikuwa la fundi bomba, mpaka leo linanuka gundi. Nikatia kitanda, jiko dogo la gesi, pazia za kitenge. Nilipompigia mama simu ya video nimwonyeshe, alinyamaza kwanza, akasogeza uso karibu na kioo, akasema, "Mwanangu, nyumba wamekunyang'anya?"

Nikamwambia, mama, hii ni starehe.

"Starehe," akairudia, kama mtu anayeonja mchuzi uliosahauliwa chumvi.

Gari la kulala bila hita, kwa nchi hii, ni friji lenye usukani. Za Kijerumani zinagusa pauni elfu moja. Yangu ni ya Kichina, pauni 110 mpaka mlangoni. Ni kichuma cha ukubwa wa boflo mbili zilizobebana, kinakunywa dizeli kutoka tenki la gari lenyewe. Feni inavuta hewa ya nje, pampu inadondosha dizeli tone kwa tone, tik, tik, tik, hita plagi inaiva nyekundu kama msumari wa mhunzi, moto unashika ndani ya chumba cha chuma. Moshi unatoka kwa bomba lake chini ya gari, na hewa yako wewe inapita pembeni ya chuma hicho, inakuja kitandani imepata moto. Moshi na hewa yako havikutani. Vikikutana, wewe na jamaa zako ndiyo hamtakutana tena, kwa hiyo kingʼora cha kaboni monoksaidi kipo juu ya kitanda na nakijaribu kila jioni, na kila jioni mke wangu ananiambia ipo siku nitamuua kwa mshtuko kabla ya moshi.

Niliifunga mwenyewe, mwezi wa kumi. Hilo mlikumbuke.

Safari ya kwanza tukalala karibu na Aviemore, chini ya milima ya Cairngorm. Kwenye milima hiyohiyo kuna kijiji kinaitwa Braemar, ambako kipimajoto kiliwahi kushuka hadi nyuzi 27.2 chini ya sifuri mwaka 1895, na kama vile watu hawakuamini, mwaka 1982 kikashuka tena palepale mpaka namba ileile. Habari hizo nilizisoma saa nane za usiku, kwenye simu, nimevaa soksi jozi tatu na kikoi nimejifunga kichwani. Kwa sababu hita ilikuwa haiwaki.

Unabonyeza, feni inavuma. Raha. Plagi inapasha. Pampu inaanza tik, tik. Nje moshi mweupe unafuka kama wa ubani, ambao ni dizeli isiyoungua, yaani hela yangu inapaa. Halafu kimya. Inajaribu mara ya pili, moshi, kimya, kisha kwenye kidude cha ukutani inaandika E-10.

Nazijua namba za kidude changu kwa moyo, kama jedwali la kuzidisha. E-01 umeme mdogo. E-03 hita plagi. E-04 pampu. E-08 moto umezimika. Hizo unazishukuru, zinakuonyesha pa kwenda. Lakini E-10 tafsiri yake ni "imeshindwa kuwaka." Jamani! Hilo naliona! Mimi ndiye ninayetetemeka hapa! Nakuuliza kwa nini, wewe unanisomea tangazo la msiba?

Mke wangu yeye alikuwa amelala fofofo. Wao kwao Makete, milimani kule Njombe. Mtu aliyekulia Makete, mwezi wa sita majani yanaamka na barafu, ukimweka Aviemore anaona amefika nyumbani ila hakuna viazi.

Asubuhi nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, umelalaje. Nikamweleza.

"Lina mafuta?"

"Mama, hili si jiko la mafuta ya taa. Linavuta lenyewe kwenye tenki la gari."

"Na gari lina mafuta?"

"Mama, gari si ndilo limetufikisha huku?"

"Haya. Na utambi umeuangalia?"

Nikacheka. Nikasema mtandao unasumbua.

Shemeji yangu, kaka wa mke, naye akatuma ujumbe wa sauti kutoka Makete: "Shemeji, weka jiko la mkaa humo ndani, funga milango, utaona." Nikamjibu, shemeji, nitaona malaika. Watu wangapi kwetu wamelala na jiko la mkaa wakaamshwa na polisi?

Tukarudi Leeds, nikaanza matibabu. Daktari wangu ni video za kwenye simu, na madaktari hao wote wanakubaliana jambo moja tu: aliyetangulia kuongea ni mjinga. Wengi wakasema umeme. Plagi ile ikianza kupasha inavuta hadi ampea 10 hivi, na betri ikiwa chovu au waya mwembamba, volti zinaporomoka. Nikapima. Betri imetulia, volti 12.6. Nikawasha, ikashuka mpaka 11. Aha! Mwizi tumemkamata! Nikanunua betri mpya, waya mnene, nikasugua tamino kwa msasa mpaka zikang'aa kama meno ya bwana harusi. Nikawasha pale pale mbele ya nyumba. Ikawaka! Ikanguruma kama ndege inayotaka kuruka. Nikamwita mke wangu aje ashike hewa kwa mkono. Akashika. Akasema, "Hongera, Baba Salma," akarudi kwenye wali wake.

Wiki iliyofuata, pwani, karibu na Whitby, uwanja tambarare kama meza. Njiani nikatia dizeli ya pauni 20, tukafika, tukala, nikabonyeza. Feni. Tik, tik. Ubani. E-10.

Nikarudi, nikaifumua yote. Sikuwa nimewahi kuona masizi ya namna ile tangu kuta za jikoni kwa bibi. Hizi hita hazipendi kuendeshwa kwa moto mdogo usiku kucha, zinajaa masizi ndani. Inatakiwa uikimbize kwa nguvu kidogo kabla ya kuizima. Mimi, mtu wa kubana, nilikuwa naiweka chini kabisa. Nikakwangua. Nikachomoa plagi. Nyuma yake kuna kiwavu cha chuma kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto, kinachopokea dizeli na kuitawanya ishike moto. Kilikuwa cheusi, kimeziba. Nimekishika kwa koleo, nakitazama kwenye mwanga, ndipo moyo ukanipiga: huu si utambi?

Sikumpigia mama.

Nikaweka kiwavu kipya, plagi mpya, gasketi mpya. Pampu nayo nikaikagua. Inatakiwa isimame kwa mshazari, mdomo wa kutolea uangalie juu ili hewa ipite, na yangu ilikuwa imesimama vizuri. Nikawasha mbele ya nyumba. Ikawaka mara moja! Nikapiga makofi peke yangu barabarani. Jirani, bibi mmoja wa Kiingereza, akanipungia mkono kwa huruma.

Safari ya tatu, Keswick. Tukafika usiku, tukaegesha pembeni, kwenye kilima kidogo, pua ya gari inaangalia juu. Ikawaka. Nusu saa nipo na fulana! Nikaanza kuchemsha chai ya tangawizi, ndipo mwenye kambi akagonga kioo, kistaarabu sana, akasema hapa ni njia, naomba msogee pale chini kwenye usawa. Tukasogea. Robo saa baadaye ngurumo ikalegea, ikakohoa, ikaandika E-08.

Nikatoka na tochi, nikalala chali kwenye tope chini ya gari, nikamulika mpira wa mafuta, ambao ni wa kuona ndani. Dizeli inakuja, inakuja, halafu povu la urefu wa kidole, halafu dizeli kidogo, halafu povu. Inameza hewa. Nikakaza kila klipu mpaka vidole vikafa ganzi. Mapovu yaleyale, yanapita taratibu mbele ya pua yangu kama magari ya maharusi.

Nikafanya jaribio la mwisho. Nikarudisha gari kwenye mwinuko mwingine, pua juu. Ikawaka. Nikashusha, ikafa. Mbele ya nyumba yangu Leeds pakoje? Mwinuko, pua juu. Nikamtumia shemeji ujumbe: hita yangu inawaka mlimani tu. Akajibu, "Basi hiyo ni ya Makete, mheshimu."

Nikakubali matokeo. Miezi miwili tulikuwa tunatafuta milima ya kulalia. Sufuria inateleza, mke wangu anateremka usiku ananibana kwenye mlango, asubuhi miguu imevimba kama tumetoka Dar hadi Bukoba kwa basi. Lakini joto lipo.

Kisha Jumamosi moja akaendesha yeye. Akasimama sheli, akashika mpira wa dizeli, na mimi ndani nikaona namba zinapanda: 30, 50, 70. Nikashusha kioo. "Mama Salma, unafanya nini?"

"Natia mafuta."

"Yote hayo?"

"Nimechoka na hiyo taa ya njano. Tangu tununue gari hili inawaka kama ya msikitini."

Alijaza mpaka mpira ukajikata wenyewe. Usiku ule tukaegesha kwenye usawa, kwa ubishi wake. Nikabonyeza nikijua. Feni. Tik, tik. Ngurumo. Ikawaka mpaka alfajiri. Nikamwambia ni zile klipu zangu, zimekaa sawa sasa.

Juzi natafuta bisibisi kwenye sanduku la spana, chini kabisa nikaokota kipande cha bomba la chuma, kirefu kama kiganja, kimekatwa kwa msumeno, na mwandiko wangu wa kalamu umezunguka pale kwenye mkato. Mwezi wa kumi. Bomba lile la kuvutia dizeli nililifupisha mimi mwenyewe, kwa makusudi, lisifike chini ya tenki, ili dizeli ikishuka hadi robo hita ikose, gari lisije likatuzimikia porini. Akili nyingi kabisa! Na mimi tangu Tanzania sijawahi kukaa na zaidi ya robo tenki. Kule natia ya elfu kumi, huku natia ya ishirini. Gari likiwa pua juu, dizeli inakimbilia nyuma, mdomo wa bomba unaifikia. Likikaa sawa, linafyonza upepo.

Nimekifunga kile kipande kwenye kitambaa, nimekirudisha chini ya spana zote. Jioni mama akapiga.

"Lile jiko lako lilikuwa na nini hatimaye?"

"Mama? Haloo? Mama, sikusikii, mtandao."

"Mbona mimi nakusikia vizuri?"