Filamu ya wakubwa, mdoli wa mtoto

Mwongozaji Paul Verhoeven aliirudisha filamu yake ya RoboCop, ya polisi anayegeuzwa kuwa roboti, mezani kwa wakaguzi wa Marekani mara nyingi, maana kila wakiitazama waliipa X, alama ambayo majumba mengi ya sinema hayakutaka kuigusa. Akakata hapa, akapunguza pale, hadi mwaka 1987 ikatoka na R: aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi mtu mzima. Aliyeiona anajua kwa nini. Polisi Alex Murphy anabanwa na genge la majambazi ndani ya kiwanda kilichotelekezwa. Wanaupiga risasi mkono wake hadi unakatika, kisha wanammiminia nyingine huku wakicheka. Ni tukio refu, na mtazamaji haonewi huruma.

Mwaka uliofuata, 1988, jina hilohilo lilikuwa kwenye katuni ya watoto ya vipindi 12, na kwenye midoli ya kampuni ya Kenner. Midoli ile ilikuwa na kipande cha ufundi ambacho mtoto yeyote angekipenda: unapachika utepe wa fataki ndogo mgongoni, unabonyeza, inalia pa! pa! pa! na kamoshi kanatoka. Mtoto aliyekatazwa kuingia sinema ameshika mkononi polisi yuleyule aliyeng'olewa mkono ndani ya sinema.

Tangu wakati huo hoja ni ileile: je, kampuni inayouza filamu ya watu wazima kwa watoto kupitia midoli na katuni inafanya kosa, au inauza mdoli tu? Naona kosa lipo. Ila wengi wanaolilalamikia wanalitafuta kwenye mdoli wenyewe, na hapo ndipo watetezi wa biashara hii wanapowashinda kirahisi.

Tuanze na jaribio lililoshindwa. Mwaka 1979 Kenner haohao walitoa mdoli wa lile zimwi la filamu ya Alien, wenye urefu wa kama sentimita 46 na meno nje. Filamu yenyewe ilikuwa R. Wazazi walilalamika, watoto wengine waliliogopa, na mdoli ukaishia kuondolewa madukani. Hakuna aliyedanganyika pale. Zimwi la filamu ya kutisha lilikuwa limesimama kwenye rafu likionekana kama zimwi la filamu ya kutisha, na mzazi akalikataa.

Miaka saba baadaye Rambo alipita bila shida kubwa. Filamu ya kwanza ya mwaka 1982 ilihusu mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam akiwa ameharibika rohoni, na ya pili, ya 1985, ilikuwa mvua ya risasi. Zote mbili R. Mwaka 1986 ikaja katuni, Rambo: The Force of Freedom, na pamoja nayo midoli ya kampuni ya Coleco. Katuni ilikuwa na vipindi 65, na idadi hiyo ina maana yake: ni siku tano kwa wiki, wiki 13 mfululizo, kiasi kinachomtosha mtoto anayerudi shuleni kila siku mchana na kuwasha televisheni.

Kati ya 1979 na 1986 kulikuwa na mwaka 1984, ambapo tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliondoa mipaka ya muda wa matangazo ya biashara kwenye televisheni. Mlango ulianza kusukumwa mwaka mmoja nyuma, na katuni ya He-Man, iliyotokana na midoli ya Mattel. Baada ya hapo katuni yenyewe ikawa tangazo la nusu saa. Bunge lilirudisha mipaka mwaka 1990, dakika 10 na nusu za matangazo kwa saa wikiendi na 12 siku za kazi, lakini biashara ilikuwa imeshajifunza kwamba katuni inasafisha jina. Mzazi wa 1979 alipoona mdoli wa Alien alikumbuka filamu. Mzazi wa 1986 alipoombwa mdoli wa Rambo alikumbuka katuni ya saa kumi jioni. Wenye biashara walilielewa hilo vizuri: Kenner waliporudi na midoli ya Aliens mwaka 1992, ilipangwa iende na katuni, ingawa katuni yenyewe haikuwahi kurushwa.

Sasa tuwasikilize watetezi, maana hoja zao si za kupuuzwa.

Wanasema: katuni si filamu. Kwenye katuni ya Rambo hafi mtu. Vietnam imeondolewa, damu imeondolewa, adui ni Jenerali Warhawk na kikundi chake, na kila kitu kinaishia kwenye mlipuko unaowaacha wote hai. Mtoto aliyeitazama hakuona hata dakika moja ya ile filamu. Na watoto wamecheza vita tangu dunia iwe dunia. Sisi tulichonga bunduki za miti ya mpapai na kucheza polisi na wezi kabla hatujaona mdoli wowote wa dukani. Kama ni vitisho, hadithi za bibi zilikuwa na mazimwi yanayomeza kijiji kizima hadi mtoto mmoja aliyebaki anakuja kuyapasua tumbo. Hakuna bodi iliyompa bibi alama ya umri.

Hoja ya bibi ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ni ya kweli. Nimesikia zimwi likipasuliwa tumbo nikiwa na miaka mitano, na sikudhurika. Lakini bibi alikuwa amekaa nasi kwenye mkeka. Mdogo wangu alipoanza kujikunyata, sauti ilibadilika, zimwi likawa mjinga, tukacheka. Alijua nani yuko mbele yake na akajua pa kuishia. Zaidi ya hapo, hadithi yake ilikuwa nzima: hakutusimulia nusu tamu jioni ili kesho tuitafute nusu chungu kwa mtu mwingine. Katuni ya RoboCop ilikuwa inamzoesha mtoto shujaa ambaye maisha yake kamili yako kwenye kanda ya filamu, kwenye duka la kanda, rafu moja na katuni au rafu ya jirani.

Kwa hiyo nawakubalia kwamba mdoli hauumizi na katuni haina damu. Ninachokikataa ni sura mbili. Kampuni moja inamwambia mzazi kwenye bango la sinema, "Hii si ya mtoto wako," na jina hilohilo linamwambia mtoto kupitia televisheni, "Huyu ni rafiki yako."

Hoja ya pili ni kwamba wanaonunua midoli hii ni watu wazima wanaokusanya kumbukumbu. Wapo, tena wengi. Mwaka 2014 duka la Toys "R" Us huko Marekani liliuza midoli ya tamthilia ya Breaking Bad, hadithi ya mwalimu wa kemia anayepika dawa za kulevya. Mdoli ulikuja na mfuko wa fedha na kifuko cha dawa. Boksi lilisema ni kwa umri wa miaka 15 na zaidi. Mama mmoja wa Florida alianzisha ombi la kuipinga, watu wakasaini kwa maelfu, na Oktoba mwaka huo midoli ikaondolewa. Hapa nawaona wenye duka wakiwa na nusu ya haki. Umri uliandikwa, na hakukuwa na katuni ya kumvuta mtoto. Kilichokosewa ni rafu tu: duka ambalo mtoto anaingia akijua kila kitu ndani ni chake. Mtu mzima ana haki ya kununua sanamu anayoitaka, na mdoli ule ungeuzwa kwenye duka la wakusanyaji bila mimi kuandika neno.

Lakini hoja hii haiwezi kubebeshwa biashara yote, kwa sababu kuna nyaraka. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Aprili 1999, Rais Bill Clinton aliiagiza tume ya biashara ya Marekani, FTC, ichunguze jinsi burudani za ukatili zinavyotangazwa kwa watoto. Ripoti ilitoka Septemba 2000. Tume ilichukua filamu 44 zilizopewa R kwa sababu ya ukatili, ikakuta 35 kati yake zililengwa kwa watoto walio chini ya miaka 17. Kwa filamu 28 hakukuwa na haja ya kubashiri, kwa kuwa mipango ya masoko ya kampuni zenyewe iliandika wazi kwamba watoto hao ni sehemu ya walengwa. Kuna sehemu ambapo hata watoto wa miaka 10 walihojiwa kupima mvuto wa filamu ambayo wasingeruhusiwa kuingia peke yao. Ukisoma hayo, huwezi tena kusema mtoto alipita tu njiani akakutana na tangazo la wakubwa.

Inabaki hoja ya mzazi, na hii ndiyo nzito: mzazi ndiye mlinzi wa nyumba yake, serikali isigeuzwe kuwa yaya. Marekani ina sababu ya ziada ya kusema hivyo, kwani katiba yao inalinda uhuru wa kujieleza kwa nguvu sana. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu yao, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliifuta sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya video yenye ukatili. FTC yenyewe haikupendekeza marufuku. Ilitaka wenye biashara wajidhibiti, huku ikiwachunguza hadharani. Na aibu ya hadharani ilifanya kazi kiasi. Tume ilipowatuma vijana wa miaka 13 hadi 16 kujaribu kununua tiketi za filamu za R mwaka 2000, karibu nusu yao, asilimia 46, waliuziwa. Mwaka 2013 ilikuwa asilimia 24. Mlangoni, basi, mambo yalirekebika. Ila ripoti yao ya 2009 ilikuwa bado inalalamika kwamba filamu za PG-13, alama ya chini ya R, zinatangazwa kwa watoto wadogo kabisa, vitu vya kuchezea vikiwa mojawapo ya njia.

Mimi ni mzazi na siikwepi kazi hiyo. Lakini mzazi hulinda kwa alama alizopewa. Ukimpa alama mbili zinazopingana, umemnyang'anya kifaa cha kazi halafu unamuuliza kwa nini kazi haijafanyika.

Na kwetu hata alama moja haikufika. Rambo aliingia Tanzania bila R yake. Aliingia kwenye mabanda ya video, ambako ulilipa sarafu yako, ukakaa kwenye benchi, na hakuna aliyekuuliza umri. Tulichojua ni kwamba stelingi hafi. Jina lake liliingia hadi jikoni: mfuko wa plastiki wa dukani uliitwa mfuko wa rambo, na ukaitwa hivyo hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Mtoto wa miaka minne alitumwa dukani, "kalete sukari kwenye rambo," akalitamka jina la filamu iliyokatazwa kwa wenzake wa Marekani kama anavyotamka kijiko. Bodi ya Filamu ya Tanzania inatoa madaraja kwa sheria ya mwaka 1976, na Kenya bodi yao ina alama zake, GE, PG, 16 na 18. Zinabandikwa kwenye filamu. Begi la shule lenye picha ya filamu halipiti mezani kwao.

Siku hizi hata katuni haihitajiki kuwa daraja la kumfikia mtoto. Mwaka 2021 Squid Game, tamthilia ya Korea ambamo watu wanacheza michezo ya kitoto na wanaoshindwa wanauawa, ilipotoka Netflix, ikiwa si ya watoto, shule za Ubelgiji, Uingereza na Marekani ziliwaandikia wazazi kwamba watoto wanaiigiza uwanjani. Wengi hawakuwa wameiona. Walikuta vipande kwenye simu, na michezo ya kuiiga kwenye Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni. Hapo ni vigumu kumlaumu mtengenezaji kwa kila kitu, na naona tofauti kati ya kampuni iliyojenga ngazi na ile ambayo watoto wamepanda ukuta wake.

Wanaopoteza si watoto peke yao. RoboCop ya mwaka 1993, ya tatu, ilipunguzwa makali ikawa PG-13, ili watoto waliouziwa midoli waweze kuingia. Haikufua dafu sokoni. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba filamu ya kwanza ilikuwa na tangazo la kubuni ndani yake: familia imezunguka meza, baba, mama na watoto, wanacheza mchezo wa kurushiana mabomu ya nyuklia. Mwongozaji alikuwa anatuonya juu ya kampuni zinazoweza kuuza chochote kwa yeyote.

Ningependa jambo moja dogo: alama ya umri ya filamu iandikwe kwenye boksi la mdoli na kwenye lebo ya begi, kwa maandishi makubwa kama bei. Haimzuii mtu kununua. Wapo wanaosema alama itazidisha hamu ya watoto, na kwa kijana wa miaka 15 huenda ni kweli. Kwa mtoto wa miaka sita, anayenunua ni mama yake.

Januari iliyopita, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nilisimama nyuma ya mama mmoja na mwanawe wa umri huo. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania begi lenye picha ya walinzi wa Squid Game, nguo nyekundu, vinyago vyeusi usoni, duara, pembetatu na mraba. Mama akalishika, akaligeuza, akakagua zipu na mshono. Kisha akauliza, "Hawa ni kina nani?"

"Katuni tu hiyo, mama," muuzaji akajibu, na sidhani kama alidanganya, ndivyo alivyojua. Mama akalipa. Mtoto akalivaa palepale, likiwa tupu, akatangulia mbele.