Mafunzo ya ufundi kwa vijana maskini: tuwapime lini?

Ripoti nyingi za miradi ya ufundi kwa vijana maskini huishia siku ya mahafali: waliosajiliwa, waliohitimu, picha ya mgeni rasmi akigawa vyeti. Humo huwezi kujua kama fedha zimezaa. Kijana anayejitokeza kujisajili tayari ana ari. Pengine angepata riziki hata bila darasa. Ndiyo maana watafiti huchagua vijana wa kupewa nafasi kwa bahati nasibu, kisha huwafuatilia waliopata na waliokosa. Wapo wanaoona huo ni ukatili. Lakini nafasi zikiwa chache, pasipo bahati nasibu mara nyingi huchukuliwa na mtoto wa mwenyekiti.

Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008, serikali ilivipa vikundi vya vijana ruzuku, takriban dola 400 kwa kila mtu, wajilipie mafunzo na kununua vifaa vya kazi. Baada ya miaka minne kipato chao kilizidi cha waliokosa kwa asilimia 38. Watafiti waliporudi baada ya miaka tisa, pengo lilikuwa limezibika. Waliopata hawakuporomoka, waliokosa ndio waliowafikia, kwa biashara ndogo na vibarua. Tofauti iliyosalia ilikuwa ya mali, na wenye ruzuku wengi zaidi walikuwa bado wanafanya kazi za ufundi.

Wapo watakaosema mradi umefeli. Sikubali: kutangulia kujitegemea kwa miaka kadhaa si jambo dogo kwa mwenye watoto. Ila anayeahidi kufuta umaskini kwa cherehani moja anatia chumvi.

Chuo au gereji, je? Uganda hiyo hiyo, utafiti mwingine ulilinganisha miezi sita ya chuo na mafunzo ya kazini kwa mwajiri. Yote yaliongeza kipato. Wa kazini walitangulia kulipwa, wa chuo wakawapita baadaye, kwa sababu ya cheti. Fundi wa gereji akiachishwa, bosi mpya hana cha kumpimia. Anarudishwa kushika tochi na kufungua nati.

Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima na kurasimisha kwa cheti ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Kenya, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani ya gredi ya kupima ujuzi wa fundi. Kabla ya kujenga karakana mpya, ningeanza kwa kuwalipia mafundi hao ada ya kupimwa. Kwa binti asiyewahi kushika hata sindano, hilo halisaidii. Huyo bado anahitaji darasa, na cherehani ya kuondoka nayo.