Jamani, mteremko si karakana

Kiangazi kwenye ziwa la jangwani, klabu yetu ya mashua huamka na jogoo. Si kwa kupenda: ikifika saa tano joto limepita nyuzi 40, chuma cha mlingoti kinaunguza kiganja, na upepo umelala, ziwa shwari tupu. Kwa hiyo alfajiri kwetu ni mali.

Sasa kuna mwenzetu mmoja. Anarudisha trela hadi majini saa kumi na mbili kasoro, anazima gari, ndipo anaanza kusimamisha mlingoti. Pale pale kwenye mteremko wa kushushia mashua majini! Kamba zimesokotana, pini imedondoka chini ya kiti, mara anafungua chupa ya chai, "za siku nyingi, ndugu yangu", huku nyuma tumepanga foleni trela sita. Uwanja wa kufungia matanga uko hatua 30 tu, mtupu. Ukimwambia anacheka: "Haraka ya nini, si wikendi?"

Juzi nilishusha mashua saa tatu. Nikabisha, yaani nikageuza mashua kuukabili upepo, mara mbili, upepo ukakata. Nimerudi kwa kasia, ngozi ya pua imebambuka. Na jioni, kwenye chakula cha pamoja, nani anahadithia jinsi upepo wa asubuhi ulivyokuwa mtamu? Yeye.